Kwa Nini Kifaa Kimoja Hukubali Linux na Kingine Hukataa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Za Intel zilizotangulia kizazi cha nane cha mwaka 2017 zimeachwa nje, isipokuwa chache sana. Wenye kompyuta za zamani wakaanza kuulizia Linux, na majibu wanayopewa yanapingana. Fundi mmoja husema Linux siku hizi inakubali kila kitu. Mwingine huonya kwamba Wi-Fi haitashika na printa haitachapa. Wote wawili husema kweli, kila mmoja kwa vifaa vilivyopita mikononi mwake.

Maelezo mawili hutolewa kuhusu tofauti hiyo: kwamba Linux ni mfumo duni, au kwamba watengenezaji wa vifaa wanaionea. Yote mawili yanagongana na jambo moja lililo wazi. Kompyuta kuu zote 500 zilizomo katika orodha ya TOP500 zinatumia Linux tangu Novemba 2017, na kila simu ya Android hubeba kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo. Watengenezaji walewale wanaolaumiwa kuhusu kompyuta za mezani na za mpakato wanahudumia Linux bila kusita katika seva na simu. Kinachotakiwa kueleweka ni kwa nini kampuni moja hufungua mkono huku na kuufumba kule, na nini hasa huubadilisha mwenendo wake.

Draiva inavyoingia katika Linux

Kifaa hakizungumzi na mfumo endeshi moja kwa moja. Katikati yao hukaa draiva, programu inayojua amri za chipu husika. Katika Windows, desturi ni kwamba mtengenezaji huandika draiva yake, huficha ndani yake siri zake zote, kisha huisambaza. Microsoft nayo hulinda miadi kati ya kerneli na draiva isibadilikebadilike, ili draiva ya mwaka huu ifanye kazi hata miaka mitano ijayo.

Linux imechagua njia nyingine. Draiva huwekwa ndani ya hazina ileile ya msimbo wa kerneli, chini ya leseni ya GPL toleo la 2, na miadi ya ndani hubadilishwa wakati wowote wahandisi wakiona inafaa. Anayebadilisha miadi ndiye anayewajibika kurekebisha draiva zote zinazoitegemea. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa kerneli, aliitetea sera hiyo katika waraka ambao kwa miaka mingi umesambazwa pamoja na kerneli yenyewe. Hoja yake ni kwamba draiva iliyomo ndani hutunzwa na jumuiya nzima, na iliyobaki nje huvunjika mara kwa mara kwa hiari ya mwenye nayo.

Faida ya mpango huu huonekana baada ya miaka. Kadi za michoro za ATI zilizotoka mwaka 2002 bado zina draiva inayotunzwa, ingawa kampuni yenyewe ilishanunuliwa. Hasara yake humpata mtengenezaji siku ya kwanza: hawezi kuleta faili lililofungwa na kuondoka. Lazima aonyeshe msimbo, apitiwe na wakaguzi wasiomwogopa, aambiwe arudie kazi, na pengine angoje toleo linalofuata, ambalo hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Kisha yapo masafa kati ya kerneli hiyo na ile iliyomo katika Ubuntu au Debian ya mtumiaji. Kompyuta mpya kabisa hupata taabu kuliko ya miaka mitatu iliyopita kwa sababu hiyo tu, bila mtengenezaji kuwa na kosa lolote.

Hesabu za mtengenezaji

Kwa takwimu za StatCounter, Linux ilivuka asilimia 4 ya kompyuta za mezani na mpakato duniani kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa 2024. Asilimia hiyo ni mamilioni mengi ya watu, lakini wametawanyika: katika kila wanunuzi mia wa printa fulani, wanne. Faida ya kifaa cha bei ya chini ni ndogo, na simu moja ya malalamiko kwa kitengo cha huduma yaweza kuila yote. Gharama ya kuandika draiva hulipwa mara moja. Gharama ya kuijibia haina mwisho, na hiyo ndiyo inayoogopwa.

Sababu nyingine ni kwamba jina lililo kwenye boksi mara nyingi si la aliyetengeneza chipu. Mfano unaojulikana vizuri na wanafunzi wa mitandao ni kifaa cha Wi-Fi cha USB cha TP-Link, TL-WN722N. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros, yenye draiva safi ndani ya kerneli. Toleo la pili likaja na chipu ya Realtek isiyofanana nayo hata kidogo, huku jina na umbo vikibaki vilevile. Aliyeshauriwa na rafiki anunue alichonunua yeye akaletewa kitu kingine. Muuzaji hakudanganya, alifuata bei ya chipu ilivyokwenda, na kwa mtumiaji wa Windows mabadiliko hayo hayakuwa na maana yoyote.

Printa za leza za bei ya chini nazo zina hadithi yake. Ili kupunguza gharama, watengenezaji waliondoa ndani ya printa prosesa ya kuusoma ukurasa, wakaiachia kompyuta kazi yote. Printa ya namna hiyo bila draiva yake ni mota tu na kasha la wino wa unga. Uamuzi wa kupunguza dola chache kiwandani ukawa, bila mtu kukusudia, uamuzi wa kuwaacha nje watumiaji wa Linux.

Mwisho, zipo siri ambazo si za mtengenezaji peke yake. Chipu hubeba teknolojia zilizokodishwa kwa leseni kutoka kampuni nyingine, hataza zenye kesi, na mikataba ya kutotoa siri. Mwaka 2024 mhandisi wa AMD alieleza hadharani kwamba HDMI Forum, chombo kinachomiliki kiwango cha HDMI, kilikataa pendekezo la kampuni hiyo la kuweka HDMI 2.1 katika draiva huria. AMD ilikuwa imeshafanya kazi hiyo kwa kushirikiana na wanasheria wake. Anayeilaumu AMD kwa hilo anagonga mlango wa jirani.

Draiva iliyofungwa na nyaraka zilizofunguliwa

Ushindani wa misimamo umeonekana waziwazi zaidi katika kadi za michoro. Kwa miaka mingi Nvidia ilitoa draiva ya Linux yenye nguvu, lakini iliyofungwa. Wenye kuitetea walikuwa na hoja: ilifanya kazi, ilitoka mapema, na wahandisi wa filamu na wanasayansi waliitegemea. Wapinzani walionyesha gharama zake. Kerneli ikibadilika, mtumiaji hungoja kampuni. Hitilafu ikitokea, wahandisi wa kerneli hawawezi kuichunguza. Kampuni ikichoka na kadi fulani, kadi hiyo imezikwa: tawi la draiva nambari 390, lililohudumia kadi za kizazi cha Fermi, lilifikia mwisho wake mwaka 2022, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi zikabaki kutafutiwa viraka. Juni 2012, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliitaja Nvidia kuwa kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo, na akaisindikiza kauli hiyo kwa ishara ya kidole ambayo picha yake haijaacha kuzunguka.

AMD ilikwenda upande wa pili. Baada ya kuinunua ATI mwaka 2006, ilitangaza mwaka uliofuata kwamba ingetoa nyaraka za kiufundi za kadi zake na kusaidia draiva huria. Matunda hayakuja upesi. Kwa miaka kadhaa draiva huria ilikuwa nyuma ya ile iliyofungwa kwa kasi, na wengi waliona ahadi ile kuwa maneno. Hata kampuni ilipoongeza bidii, haikupokewa kwa vigelegele: Desemba 2016 Dave Airlie, msimamizi wa sehemu ya michoro katika kerneli, aliukataa msimbo mkubwa wa AMD wa kuendesha skrini kwa sababu ulijengwa kwa mtindo wa kuitumikia mifumo mingi kwa tabaka moja, mtindo usiotakiwa katika Linux. Ulifanyiwa kazi upya na kuingia katika kerneli 4.15, iliyotolewa Januari 2018. Kisa hicho hufundisha kuliko kile cha kidole cha Torvalds. Kinaonyesha kwamba nia njema ya mtengenezaji haitoshi. Lazima aajiri watu wanaoijua jumuiya na taratibu zake, na jumuiya nayo hutoza gharama isiyo ndogo kwa anayetaka kuingia.

Mei 2022 Nvidia nayo ilifungua sehemu ya draiva yake inayokaa ndani ya kerneli, kwa kadi za kizazi cha Turing na zilizofuata. Wengi walishangilia kana kwamba ukuta wote umeanguka. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya akili ya draiva ilikuwa imehamishiwa katika femuwea, programu inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe, na femuwea hiyo bado imefungwa, sawa na sehemu ya juu inayozungumza na programu za mtumiaji. AMD na Intel pia hutegemea femuwea zilizofungwa, kwa hiyo tofauti ni ya kiasi. Kuhusu kilichoisukuma Nvidia, ni vigumu kuamini kwamba miaka kumi ya matusi ilifanya kazi ambayo wateja wa vituo vya data hawakuifanya. Hao hununua kadi kwa maelfu, huendesha Linux kwa kiasi kikubwa, na hawapendi kungojea draiva.

Kuchimbua bila ruhusa

Mtengenezaji akikataa kabisa, yapo mapambano ya wataalamu wanaochunguza kifaa kutoka nje: huchambua draiva ya mtengenezaji na amri inazotuma kwa kifaa, hukisia maana yake, kisha huandika draiva. Ndivyo Wi-Fi nyingi za Broadcom zilivyopata draiva ya b43, na ndivyo mradi wa Asahi ulivyoiingiza Linux katika kompyuta za Apple zenye chipu ya M1, zilizotoka mwishoni mwa 2020 bila nyaraka hata moja. Mfaransa Michel Xhaard alijulikana kwa draiva zake zilizohudumia kamera za wavuti za miundo zaidi ya 200.

Njia hii ina heshima yake, na ina udhaifu usiofichika. Kifaa huwa kimezeeka kabla ya draiva kukomaa. Wataalamu wenye uwezo huo ni wachache na huchoka. Isitoshe, mtengenezaji anaweza kuifunga njia: kuanzia kadi zake za mwaka 2014 Nvidia ilidai femuwea yenye sahihi yake, na draiva huria ya nouveau ikashindwa kuipandisha kadi kutoka kwenye kasi ya chini inayoamkia. Linganisha na kazi ya kutafsiri programu. Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilifanikishwa na kikundi kidogo kilichoijua lugha yake. Kikundi kidogo hakiwezi kuijua chipu iliyofichwa kwa namna hiyohiyo.

Mkono wa sheria

GPL humlazimu anayesambaza programu yenye kerneli ya Linux kutoa pia msimbo chanzo. Mwaka 2003 ilibainika kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa ikiendeshwa na Linux. Kwa shinikizo la leseni msimbo ukatolewa, na kutokana nao ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, ambao leo huendesha ruta za aina chungu nzima. Mwaka huohuo wa 2004 Mjerumani Harald Welte alipata amri ya mahakama ya Munich dhidi ya kampuni ya Sitecom kwa kukiuka leseni hiyo.

Mwendelezo wa kisa cha Linksys husimuliwa mara chache zaidi. Mwaka 2005 toleo la tano la WRT54G liliacha Linux, likapunguziwa kumbukumbu na kuwekewa mfumo mwingine uliofungwa. Wanunuzi waliotaka Linux walitengenezewa ruta yao, WRT54GL, kwa bei ya juu. Sheria, basi, ilifungua mlango na wakati huohuo ikamfundisha mtengenezaji kwamba kuikwepa Linux kunawezekana. Kilichomrudisha ni wateja waliokuwa tayari kulipa. Aidha, sheria humfikia tu aliyeitumia Linux ndani ya kifaa chake. Mtengenezaji wa printa ambaye hajagusa msimbo wa Linux hana anachodaiwa.

Maombi na mnunuzi mkubwa

Februari 2007 Dell ilifungua ukurasa wa kupokea mawazo ya wateja, na ombi la kompyuta zenye Linux likapanda juu kabisa. Mei mwaka huo kampuni ilianza kuuza baadhi ya kompyuta zenye Ubuntu nchini Marekani. Ni ushahidi kwamba maombi husikika. Lakini kilichodumu zaidi kilianza mwaka 2012, Dell ilipoilenga XPS 13 kwa waandishi wa programu, kundi linalojulikana, lenye fedha, na linalonunuliwa vifaa na waajiri wake. Lenovo ilitangaza mwaka 2020 kwamba ingethibitisha kwa Linux kompyuta zake zote za kazi nzito (workstation), yaani ThinkPad za mfululizo wa P na ThinkStation. Kompyuta za kazini ndizo zilizopendelewa kote kuwili, kwa kuwa mnunuzi wake ni kampuni au chuo chenye orodha ndefu ya mahitaji, na malalamiko yake huja kwa meneja wa mauzo.

Hoja kwamba watengenezaji hukosa tu mtu wa kuwaandikia draiva ilijaribiwa pia. Mwaka 2007 Kroah-Hartman alitangaza kwamba wahandisi wa kerneli wangeandika draiva bure kwa kampuni yoyote, hata kwa kutia sahihi mikataba ya kutunza siri. Wataalamu waliojitokeza walizidi kazi iliyopatikana. Draiva yenyewe haikuwa kikwazo kikubwa kama ilivyodhaniwa. Kikwazo kilikuwa kampuni kutoona sababu ya kujishughulisha.

Valve, kampuni ya michezo ya kompyuta, iliona sababu hiyo. Steam Deck yake ya Februari 2022, kifaa cha michezo kinachoendeshwa na Linux juu ya chipu ya AMD, iliipa sababu ya kuwalipa wahandisi waboreshe draiva za michoro, na kazi yao ikamfikia kila mwenye kadi ya AMD, awe mchezaji au la.

Viwango vinavyofuta haja ya draiva

Njia yenye matokeo mengi kuliko zote haina mashujaa. Kamera za USB zilipokubali kiwango kimoja cha UVC, draiva moja ilitosha kwa maelfu ya miundo, na kazi ya akina Xhaard ikabaki historia. Kibodi, diski za USB na vifaa vya sauti vilishapita njia hiyo. Printa zilichelewa, zikaokolewa na simu: baada ya Apple kuleta AirPrint mwaka 2010, printa ya nyumbani ilibidi ipokee kazi kutoka kwenye kifaa kisichowekewa draiva. Kwa kuwa Linux inaielewa itifaki hiyohiyo, printa nyingi mpya za mtandao huchapa papo hapo. Katika usasishaji wa femuwea, huduma ya LVFS iliyoanza mwaka 2015 imewapa watengenezaji mahali pamoja pa kuweka mafaili yao, na Dell, Lenovo na HP huitumia.

Udhaifu wa viwango ni kwamba vinaweza kuachwa. Kompyuta mpakato nyingi nyembamba za kuanzia mwaka 2021 hivi zina kamera isiyopita tena kwenye USB, bali iliyounganishwa na kitengo cha picha ndani ya prosesa ya Intel. Kamera bora, bei nafuu, nafasi ndogo. Na Linux ikarudi ilikokuwa kabla ya UVC. Sehemu ya draiva ya kitengo hicho iliingia katika kerneli 6.10 mwaka 2024, wakati baadhi ya kompyuta hizo zilikuwa zimeshamaliza waranti.

Soko la mtumba na meza ya zabuni

Njia zilizoelezwa hapo juu hazina uzito sawa. Uchimbuaji ni wa dharura, sheria ina eneo dogo, draiva iliyofungwa ni mkopo ambao hulipwa siku kampuni inapogeuka. Viwango na wanunuzi wakubwa ndivyo vinavyobadilisha hesabu za kiwandani, na vyote viwili haviko mikononi mwa mnunuzi mmoja mmoja.

Kwa Afrika Mashariki hilo lina sura yake. HP EliteBook, Dell Latitude na ThinkPad zinazojaa madukani Kariakoo au Moi Avenue ni kompyuta za maofisi ya Ulaya, Marekani na Ghuba zilizokwisha kutumika. Ni vifaa vinavyoikubali Linux vizuri kuliko karibu vyote, kwa kuwa viliagizwa na wanunuzi wakubwa na draiva zake zimeshakaa ndani ya kerneli miaka mingi. Mnunuzi wa mtumba anavuna alichopanda mwingine. Hata hivyo fedha yake haifiki kiwandani, na chaguo lake halionekani katika takwimu za mauzo za mtu yeyote. Kumwambia apige kura kwa pochi ni kumtuma kwenye kituo ambacho jina lake halimo. Atakachoweza ni kuangalia namba ya chipu, si jina la boksi tu, na kukwepa Wi-Fi za USB na printa ambazo draiva yake lazima ipakuliwe pembeni.

Fedha inayofika kiwandani ni ya wizara, vyuo, benki na kampuni za simu, ambazo hununua vifaa vipya kwa zabuni. Sharti lenye kazi si kusema "iwe na uwezo wa Linux", maneno ambayo kila mzabuni atayatia tiki. Linalopimika lataja mambo manne: kwamba draiva zote ziwe ndani ya kerneli rasmi ya toleo lililotajwa, kwamba printa zikubali uchapaji usiohitaji draiva, kwamba femuwea isasishwe kupitia LVFS, na kwamba chipu isibadilishwe katika kipindi cha mkataba bila taarifa. Sharti hilo halimlazimishi mnunuzi kuacha Windows, na kwa mzabuni wa kompyuta za kazini halina gharama kubwa, kwani bidhaa nyingi za daraja hilo hulitimiza tayari. Litawaondoa wachache wa bei ya chini kabisa, na ofisi ya manunuzi italazimika kueleza kwa nini ililipa zaidi. Maelezo yenyewe ni umri wa kifaa: kompyuta ambayo draiva zake zimo ndani ya kerneli huweza kupokea marekebisho ya usalama baada ya mtengenezaji na Microsoft kuwa wameshaiacha.

Yapo maeneo ambayo hata zabuni kubwa haitaweza kitu kwa sasa. Visomaji vingi vya alama za vidole bado havina draiva huria, kwa kuwa watengenezaji wa chipu hizo huhesabu usiri kuwa sehemu ya usalama. HDMI 2.1 inategemea uamuzi wa chombo ambacho wanunuzi hawakai mezani pake. Mwenye kuhitaji skrini ya kiwango hicho hutumia DisplayPort.